Tukodi Costa kwa ajili ya walio hai

Costa ikiingia Igwachanya, wilayani Wanging'ombe, imejaa watu wa ukoo mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa hapa haulizi wamefuata nini. Anauliza, "Nani amefariki?" Na mara nyingi swali hilo hupata jibu. Akina mama wanashuka na khanga zao mabegani, vijana wanashusha masufuria na mfuko wa mchele, na kijana ambaye hajaonekana kijijini kwa miaka anashikwa mkono na shangazi yake na kuulizwa kama yeye ndiye yule mtoto wa fulani. Wanalia, wanazika, wanakula ugali na maharage yaliyopikwa kwenye sufuria la msiba, wanasomewa hesabu ya rambirambi, na baada ya siku mbili tatu gari linageuza.

Jambo hili haliko Igwachanya peke yake. Liko Ilembula, liko Mdandu, liko Makambako na Njombe mjini. Sisi watu wa nyanda hizi tunajua sana kusafiri pamoja na kula pamoja, ila tumezoea kufanya hivyo mbele ya jeneza. Msimamo wangu ni huu: safari na mlo wa pamoja wa watu walio hai ni haja ya nyumba, kama ada ya shule na mfuko wa mbolea, na familia ya kawaida ya Wanging'ombe inaweza kuvigharimia ikiamua. Tukiendelea kuviita anasa, tutaendelea kukusanyika siku ambayo yule tuliyemfuata hawezi tena kushika tonge.

Msiba ulivyotufundisha safari

Kuna sababu ya sisi kufika hapa, na ni vizuri itajwe bila kificho. Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, na Wilaya ya Wanging'ombe ikapata makao yake Igwachanya, tulikuwa tumekwishazika sana. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016/17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 11.4, juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara. Ule wa 2022/23 ukakuta asilimia 12.7, na bado tulikuwa wa kwanza. Nyuma ya namba hizo kuna nyumba ambazo bibi alilea wajukuu watano, na kuna watoto waliokua wakiamini kwamba ndugu wa mjini ni watu wanaokuja wakiwa wamevaa nyeusi.

Kizazi kizima kilijifunza utaratibu. Kundi la WhatsApp la ukoo linalala miezi mitatu, likiamka asubuhi na mapema unajua kuna taarifa. Saa hiyohiyo anateuliwa mweka hazina, inatajwa namba ya kutumia fedha, inawekwa orodha ya majina, na kila anayelipa anawekewa alama. Kufika jioni ya pili fedha ya gari ipo, ya jeneza ipo, ya mchele na mafuta ipo. Hakuna anayesema hali ni ngumu. Anayesema hivyo siku ya msiba atasemwa hadi kwa watoto wake.

Nauheshimu utaratibu huo. Umetusitiri. Lakini jiulize: bibi yule akiwa mzima, ana meno machache na hadithi nyingi, nani aliwahi kuanzisha orodha ya majina ili watu waende kula naye viazi vya kuchemsha? Nani alitangaza tarehe ya mwisho ya mchango wa kumpeleka kuona mahali ambapo amepasikia maisha yake yote hajawahi kupaona?

Sasa mambo yamebadilika. Sehemu ya ile namba kubaki juu inatokana na habari njema: anayemeza dawa zake hafi, anaendelea kulima, kuuza na kuhesabiwa miongoni mwetu. Dawa zimeturudishia watu ambao miaka ya 2000 tungekuwa tumewazika. Je, sisi tumewarudishia nini watu hao, zaidi ya kuwakumbusha tarehe ya kliniki?

Wako wanaosema tunakutana pia kwenye kipaimara na harusi. Ni kweli, na Desemba hapa Njombe sherehe za kipaimara zinafuatana Jumapili kwa Jumapili. Lakini tazama ndugu wa damu wanafanya nini siku hiyo. Mmoja yuko kamati ya chakula, mwingine ya vinywaji, dada mkubwa anahesabu sahani zisipotee, baba anahangaikia spika. Wenye shughuli wanakula saa nne usiku, wamesimama, ukoko na mchuzi uliobaki. Huko tunahudumia wageni. Kukaa na wenzetu bado hatujakaa.

Wenzetu wamepata njia zao. Wachaga wana Desemba yao. Nauli za kwenda Moshi na Rombo hupanda, mabasi hujaa, na aliye mbali hujiona amekosa kitu kikubwa asipofika mgombani kwao. Kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa hukusanya watu kila Julai, na wenyeji huona si vyema nyumba ipitishe siku hiyo bila mgeni wa kula naye. Hakuna aliyekufa. Watu wameitana tu.

Sahani ya mama iko wapi?

Kabla ya safari, tuangalie chakula chenyewe, maana hapa ndipo penye aibu yetu.

Njombe ni ghala. Viazi mviringo vinavyokaangwa chipsi Dar es Salaam vingi vinatoka huku. Parachichi letu linapanda meli kwenda Ulaya. Tuna mahindi, maharage, njegere, ngano, maziwa, mapichesi, na kule Wanging'ombe alizeti ya kukamua mafuta. Halafu utafiti wa afya wa 2022 unatuambia kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nusu! Iringa majirani zetu wako asilimia 56.9. Inakuwaje mikoa yenye ghala ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao?

Wataalamu wana maelezo mengi, na baadhi tunayaona kwa macho. Mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anaachiwa ugali wa jana na dada yake wa miaka saba. Yai linauzwa. Parachichi linauzwa, na lile lililopasuka linakwenda kwa nguruwe. Jioni baba yuko kilabuni au kwenye kitimoto na rafiki zake, na huko kuna meza, kuna nyama iliyokatwakatwa juu ya sinia, kuna pilipili, ndimu na kicheko. Nyumbani mama anakula jikoni, juu ya kigoda, mkono mmoja unalisha mtoto na mwingine unasukuma kuni. Yeye ndiye amepika na yeye ndiye wa mwisho.

Kwa hiyo tukisema furaha ya kula na marafiki haipo Njombe, tutakuwa tunasema uongo. Ipo tele, ila imegawanywa vibaya. Wanaume tumejimegea fungu kubwa.

Chukua ulanzi. Asiyetoka huku pengine hajui unavyopatikana. Masika yakikolea, mwanzi mchanga hukatwa ncha, unainamishwa na kuwekewa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu cha kukingia. Mgemaji hurudi asubuhi na jioni, anachonga tena ule mdomo kwa kisu kikali, kidogo sana, kama unene wa kucha, ili maji yaendelee kutoka. Kinachotoka siku hiyohiyo kinaitwa mtogwa: kitamu, chepesi, hata mtoto hupewa. Kesho yake kimeanza kuchacha, keshokutwa ni pombe kamili. Mtogwa mtamu haumsubiri mtu. Huwezi kumwekea ndugu yako aliyeko Mbagala mpaka atakapopata nafasi. Anayetaka kuunywa aje, akae chini ya mianzi na waliopo, kikombe kimoja kizunguke. Zamani, wazee wanasimulia, siku za ulanzi nyumba nzima ilikaa uani. Leo mbeta inatoka shambani inakwenda moja kwa moja kilabuni, na akina mama na watoto wanasikia kelele tu kutoka mbali.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Jumapili moja kwa mwezi, baada ya ibada, chakula kiwekwe mahali pamoja na mama akae kabla ya mtu yeyote kushika tonge. Kuku mmoja wa kienyeji, viazi, mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga au alizeti, parachichi lililokatwa na kunyunyiziwa chumvi. Mtoto wa miaka miwili akae miguuni kwa baba, si kwa mama, ili baba aone kwa macho yake mtoto anakula kiasi gani. Wanaume wengi wa huku wanajua kilo za nguruwe wao. Kilo za mtoto zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki ambayo hawajawahi kuifungua.

Na wale wasio na ndugu karibu? Igwachanya ina walimu, wauguzi na maafisa waliopangiwa kazi kutoka Mara, Tanga, Kigoma. Wanaishi chumba kimoja cha kupanga, baridi ya Juni na Julai inawapiga, jioni wananunua chipsi mayai kwenye mfuko na kwenda kula peke yao wakiangalia simu. Wengi wameokolewa na mama lishe. Pale kwake kuna benchi, kuna chai ya tangawizi, kuna mtu wa kuuliza, "Mwalimu, mbona jana hukuja?" Undugu ni kufaana, si kufanana. Nyumba ya wenyeji Wabena iliyo jirani na mtumishi wa namna hiyo haihitaji semina ili kumwita Jumapili.

Hatuna haja ya kwenda mbali

Kuhusu safari, kuna dhana kwamba kutembea ni kwenda Zanzibar au Serengeti, tena kwa ndege, tena kwa watu wenye kamera kubwa shingoni. Tangu filamu ya Royal Tour itoke mwaka 2022 tumezungumza sana kuhusu watalii wa nje. Mtalii anayenihusu mimi ni mama wa kijiji kilicho chini ya milima ya Kipengere ambaye amesikia ngurumo za Mto Kimani tangu utotoni na hajawahi kusimama mbele ya maporomoko yake.

Maporomoko ya Kimani yako ndani ya wilaya hiihii, katika Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere. Pori liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo unaulizia utaratibu na kiingilio kabla ya kwenda. Mtanzania hatozwi sawa na mgeni kutoka nje. Maji yale yanayoporomoka pale yanateremka hadi bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mtoto anayefundishwa jiografia ubaoni akisimama pale na baba yake, ataelewa kwa nini tunaambiwa tusikate miti kwenye vyanzo. Wenye uwezo mdogo zaidi wana Luhuji, pale pale Njombe, ambako nauli ya bajaji inatosha na viazi vya kuchemsha vinabebwa kwenye hotpoti.

Mbele kidogo kuna Kitulo, katika wilaya jirani ya Makete. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na tofauti na hifadhi nyingine, hii ilihifadhiwa kwa ajili ya maua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, uwanda ule wa juu unajaa maua ya kila rangi. Angalia majira hayo vizuri: maua yanafunguka wakati uleule ambao watoto wa mjini wako likizo na mwajiri ametoa siku za Krismasi. Barabara ya Njombe hadi Makete sasa ina lami. Wazungu wanavuka bahari kuja kuona. Sisi tunapita Makete kwenda kuzika, tunarudi usiku.

Na iko reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na stesheni ya Makambako iko hapo. Kipande kigumu kuliko vyote katika ujenzi ule kilikuwa kile cha kati ya Mlimba na Makambako: mahandaki, madaraja, makorongo, na lile daraja la Mto Mpanga ambalo nguzo zake zina kimo cha mita 50 hivi. Wapo vijana wa Kitanzania waliopasua mawe pale, leo ni wazee au wamekwenda. Kumpandisha mjukuu kwenye behewa, akatoa kichwa gizani mwa handaki na kupiga yowe pamoja na watoto wengine, ni zawadi ambayo hakuna duka la Makambako linaiuza. Uliza kwanza stesheni kama treni ya abiria inatembea na siku gani, maana ratiba yake si ya kila siku.

Hata basi lenyewe tunalipoteza. Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni kiasi cha kilomita 700. Unapita katikati ya Mikumi, twiga na tembo wako dirishani bila kiingilio. Unapanda Kitonga. Unaona mibuyu, unaona vitunguu na nyanya za Ilula zimepangwa kwenye ndoo kando ya barabara. Halafu kondakta anatangaza dakika kumi za kula na kuchimba dawa, watu wanagombania chipsi kuku, wanarudi kula kila mmoja na mfuko wake, pazia limefungwa. Tembea uone, walisema wahenga. Tunatembea, pazia limefungwa.

Fedha itoke wapi?

Hili ndilo swali la haki, na sitalikwepa. Mwenye nyumba ya kipato cha viazi na mahindi ana madeni ya pembejeo, ana mtoto wa sekondari, ana bati la kuezeka. Nikimwambia aende matembezi atanishangaa.

Basi tutumie kile tunachokijua tayari. Watu wazima kumi wa ukoo mmoja, kila mmoja akiweka shilingi 5,000 kwa mwezi, mwaka ukiisha kuna shilingi 600,000. Mweka hazina ni yuleyule wa misiba. Kundi ni lilelile la WhatsApp. Alama kwenye orodha ni zilezile. Wanane wakiwa mjini na wawili kijijini, wa kijijini waruhusiwe kulipa kwa debe la viazi au kuku, na hilo liandikwe kwenye orodha kama mchango kamili, bila kuwafanya waonekane wamesaidiwa.

Jambo moja lisitupite hapa. Wageni wa mjini tuna tabia ya kufika mikono mitupu tukitegemea jogoo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wageni kumi na wanane kutoka Kimara wanaweza kumaliza banda la kuku na akiba ya unga ya mwezi mzima ndani ya siku tatu, wakaondoka wakisifu chakula cha asili. Mwenyeji hatasema. Atatabasamu, atawafungia na mahindi ya njiani, kisha atakopa. Safari ninayoitetea ni ile ambayo mchele, mafuta, sukari na nyama vinanunuliwa Makambako na wanaokuja, na jogoo wa bibi anaendelea kuwika.

Tena kazi zigawanywe. Ikiwa safari yenyewe itawafanya akina mama wapike kwa siku tatu huku wengine wakipiga picha, bora wabaki nyumbani wapumzike. Vijana wa kiume wanaojua kuchoma nyama kwenye bar za Sinza wanajua pia kumenya viazi. Siku ya Kimani au Kitulo, chakula kipikwe usiku na watu wote, kifungwe, na huko mbele kila mtu awe mgeni.

Wakati wa kuanza ni sasa, mahindi yakishauzwa na kabla fedha haijapata majina mengine. Mwenye kuanzisha orodha asisubiri mzee aseme, wazee wetu hawaombi mambo ya namna hii. Wakiulizwa watasema, "Hapana mwanangu, hela hiyo nunua saruji." Usinunue saruji. Panga tarehe, tafuta Costa au Noah yenye breki nzuri, ulizia kiingilio, TAWA kwa Kimani au TANAPA kwa Kitulo, mjulishe muuguzi kama kuna anayemeza dawa ili azibebe za siku zote za safari. Chukua blanketi, kule juu kuna baridi. Bibi apewe kiti cha mbele, pembeni mwa dereva, na pazia lisifungwe.

Na mtu wa Igwachanya akiwauliza nani amefariki, mwambieni mnakwenda kula.